"Cartographer" ni Nani? Mchora, Mpima au Mtunzi

Siku hizi ukisoma tahakiki za wanafunzi wenzetu hukosi kukutana na neno hili: "cartographer". Mwandishi fulani eti ni "cartographer wa umaskini", mshairi mwingine ni "cartographer wa moyo wa binadamu". Ukimwuliza aliyeandika alikusudia nini, atakujibu haraka: "Si mtu wa ramani tu!" Jibu hilo halitoshi. Ramani ina watu wengi. Yupo anayetembea, yupo anayepima, yupo anayeulizwa njia, yupo anayechora, yupo anayelipia gharama, na yupo anayekuja kuambiwa kwamba migomba yake imeangukia upande usio wake. Nani kati ya hao ndiye "cartographer"? Makala haya yanajaribu kueleza neno hilo lina maana gani kwa wenyewe wanaolitumia kazini, na kwa nini sisi wahakiki tulishike kwa adabu kidogo. Mifano nitaichota Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mlima ule umechorwa na watu wengi, na si wote waliowahi kuuona.

Tuanze na neno lenyewe. Limeundwa kwa vipande viwili vyenye asili ya Kigiriki: kimoja ni cha karatasi, cha pili ni cha kuandika. Kwa hiyo kwa asili yake mtu huyu ni mwandishi wa karatasi. Hakuna popote katika neno hilo panaposema kwamba amekanyaga porini. Tena ni neno changa. Watu wamechora ramani kwa maelfu ya miaka, lakini neno hili lilikuja kuzoeleka Ulaya katika karne ya 19, wakati ramani zilipokuwa biashara kubwa ya wachapishaji na silaha ya serikali. Waingereza wanalo pia neno lao la kawaida, "mapmaker", ambalo laweza kumhusu hata mtoto anayechora njia ya kwao mchangani. "Cartographer" wamemwekea mwenye taaluma.

Neno letu "ramani" lina ukoo mwingine kabisa. Limetufikia kwa Kiarabu cha mabaharia, na nyuma ya Kiarabu hicho kuna Kiajemi: kitabu cha kuonyesha njia, ambacho nahodha alikifungua apate habari za nyota, bandari na miamba. Yaani ramani, katika ukoo wa neno letu, ilianza kama maandishi ya kusomwa, picha zikaja baadaye. Mwenzangu wa idara ya fasihi anayedhani kwamba ramani ni mali ya watu wa jiografia peke yao, na aanze kudai urithi wake hapo.

Sasa fungua kamusi. Utapewa "mchora ramani", na mambo yameisha. Lakini mchoraji ofisini ni mtu mwingine: huyo hupewa vipimo vilivyokwisha kukusanywa, akavinakili kwa wino, leo kwa kompyuta. Mpima ardhi naye ni mwingine. Ndiye yule anayekuja na miguu mitatu ya chombo chake, vijana wakamshikia mnyororo, bikoni zikapandwa, na majirani wakasimama pembeni wamekunja mikono. Mpima anajua pembe na umbali. Hajui, wala si kazi yake kujua, kipi kiingie katika karatasi ya mwisho na kipi kiachwe. Anayejua hilo, au tuseme anayeamua hilo, ndiye "cartographer".

Neno kuu hapo ni kuamua, na mfano wake mkubwa kuliko yote ninaoujua ulitokea katika pwani yetu wenyewe.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa akitumikia misheni ya Kiingereza huko Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima una weupe kileleni. Aliyekuwa akimwongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani mzoefu wa misafara. Rebmann aliuliza weupe ule ni kitu gani. Akajibiwa: baridi. Hebu tulipime jibu hilo. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, maana pwani hakuna theluji, akataja kile ambacho mwili wa binadamu hukutana nacho huko juu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, aliandika theluji. Katika safari zilizofuata akasikia kwamba kitu kile cheupe, kikiletwa chini ndani ya chombo, kinakuwa maji matupu. Habari ilikuwa imekamilika, na ilikuwa imetoka vinywani mwa watu wa nchi hii.

Kumbe London alikuwepo bwana mmoja, W. D. Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika aliyefanya kazi yake yote akiwa mezani. Huyu alikataa katakata. Karibu na ikweta hakuna theluji, alishikilia hivyo, na mwaka 1852 akatoa kitabu kizima juu ya bara la ndani ambalo hakulikanyaga. Ubishi ulikwenda mpaka safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862, ya kwanza akiwa na Richard Thornton na ya pili akiwa na Otto Kersten, ndipo watu wa Ulaya wakakubali. Miaka zaidi ya kumi ilipita watu wakibishana kama kilichoitwa baridi na Bwana Kheri kilikuwepo au hakikuwepo!

Lakini mfano wenyewe niliouahidi ni wa mwenzake Rebmann, Jakob Erhardt. Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Waliotoka Tanga walimwambia kwamba ukienda sana utafika kwenye maji makubwa. Wa njia ya Mombasa, maji makubwa. Wa njia ya kusini, Kilwa, maji makubwa vilevile. Erhardt akaunganisha. Katika ramani aliyoitoa pamoja na Rebmann, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1855 na kusambaa zaidi mwaka 1856, katikati ya Afrika Mashariki pana ziwa moja la ajabu, limejipinda kama konokono asiye na nyumba, na ndivyo watu wa London walivyolitania. Kilimanjaro ipo pia katika ramani hiyohiyo, pamoja na theluji yake.

Leo tunajua maji yale yalikuwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hakuna aliyemdanganya Erhardt. Kila msemaji alisema kweli juu ya njia yake. Uongo, kama ni lazima tuutafutie jina hilo, ulizaliwa katika kuunganisha. Na hebu tazama: ni ramani hiyo yenye kosa iliyowatia watu wa Chama cha Jiografia cha London hamu ya kuwatuma Burton na Speke, na mwaka 1858 Speke akafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Karatasi ilipotosha, na ikafungua njia, kwa tendo lilelile moja.

Aliyeitoa ramani hiyo kwa wasomaji wa dunia mwaka 1856 ni August Petermann wa mji wa Gotha, na huyu ndiye "cartographer" kwa maana kamili ya neno: msomi wa mezani, amezungukwa na barua za wasafiri, anapima habari ipi ina uzito na ipi haina, nani aaminiwe, mstari uwe mzito au wa nukta. Bara lenyewe hakulipita. Ukitaka kumtofautisha na Rebmann aliyeona, na Bwana Kheri aliyeongoza, na wale watu wa Tanga wasiotajwa waliosema, Kiswahili kinakupa nini? "Mchora ramani"? Hakutoshi hata kidogo.

Mimi nasema kinatupa "mtunga ramani", na ukipenda, "mtunzi wa ramani". Wengine watacheka. Mtunzi ni wa mashairi! Sawa, lakini kumbuka kitenzi. Kutunga si kuzua. Mwanamke anayetunga shanga hakuzitengeneza shanga; amezikuta, nyingine zimetoka mbali kwa msafara. Kazi yake ni kuchagua ipi ikae jirani na ipi, ipi irudishwe koponi, na uzi upite wapi. Mshairi naye hakuyazua maneno. Erhardt alitunga. Shanga zilikuwa za watu wa misafara, uzi ulikuwa wake, na uzi ndio uliokosea. Ukimwita mchora tu, lawama na sifa zote zinapotea hewani, kana kwamba nchi imejichora yenyewe kupitia mkono wake.

Hapa ndipo mhakiki anapopata kazi. Mwaka 1989 J. B. Harley, mwanahistoria wa ramani, aliandika makala akidai kwamba ramani isomwe kama matini yoyote: ina usemi, ina ukimya, ina mamlaka nyuma yake. Makala ile ilisomwa sana katika idara za fasihi, na nadhani ndiyo iliyotuletea mafuriko haya ya "cartographer" katika tahakiki. Bahati mbaya wengi walichukua tamathali, wakaacha kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kuuliza maswali madogo, hata ya hesabu.

Tufanye moja. Karatasi za ramani tulizozizoea mashuleni, zile za somo la kusoma ramani, ni za kipimo cha 1:50,000. Milimita moja juu ya karatasi ni mita 50 ardhini. Kihamba cha ekari moja, chenye nyumba, migomba, kahawa, zizi na makaburi ya mababu, kinakuwa kitone cha milimita 1.3 kwa 1.3. Mfongo unaoleta maji kutoka msituni, wenye upana wa mita moja, unatakiwa kuwa mstari wa sehemu mbili za mia za milimita. Hakuna kalamu ya kuuchora huo. Kwa hiyo mtunga ramani ana njia mbili: auache mfongo, au auchore mnene kuliko ulivyo, yaani aseme uongo ili ukweli uonekane. Hiyo ndiyo "cartography". Sio kunakili nchi. Mhakiki wa riwaya anayejua jinsi mwandishi anavyokuza siku moja ikawa sura tatu na kuipitisha miaka kumi kwa sentensi moja, haoni ugeni hapo.

Na mstari wa mpaka je? Mpaka ukichorwa kwa unene wa nusu milimita, unafunika mita 25 za ardhi. Mita 25 Kibosho au Uru, ambako ardhi imebanana, ni nyumba na zizi na sehemu ya migomba. Mwenye kihamba hahitaji mstari huo. Amepanda masale, mmea ule wa majani marefu ambao kwa Wachaga ni alama ya mpaka na pia ya amani na kuombana radhi. Masale yanakaa palepale, yana unene wa masale, na majirani wote wawili wanayajua. Je, babu aliyeyapanda ni "cartographer"? Tahakiki za siku hizi zingemwita hivyo mara moja, kwa nia njema ya kumpandisha cheo. Mimi nakataa. Babu aliweka mpaka ardhini; hakuuhamishia katika karatasi ambayo mtu wa mbali angeweza kuamulia jambo. Tofauti hiyo ndiyo nguvu yote ya ramani, na tukiifuta kwa heshima za bure tunashindwa kueleza ni kitu gani kilimpata babu huyo ramani ilipokuja.

Maana ilikuja. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, juu ya vijiji, ili Wachaga wapate kuni na mbao pasipo kuigusa hifadhi. Nusu maili ni kama mita 805, milimita 16 za karatasi yetu. Mwaka 1973 ikaundwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mpaka wake wa mwanzo ulifuata takribani kimo cha mita 2,700. Tazama hilo: kontua! Mstari ambao upo ramani na haupo ardhini. Huwezi kujikwaa juu ya kontua. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi nao ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mama anayepanda asubuhi kutafuta majani ya ng'ombe anakutana na kazi ya mtunga ramani kila siku, bila kuiona karatasi yake. Sisemi msitu usilindwe. Maji ya Moshi yanatoka humo. Nasema mstari una mtunzi, na mwenye mtunzi anaulizika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Moshi hawalioni kwa sababu limewakaa vizuri mno. Uchagani watu husema juu na chini, kupanda na kushuka, kuliko kaskazini na kusini. Ukiwa Moshi mjini, Kibo iko kaskazini. Ramani nayo huweka kaskazini juu. Basi mtoto wa Moshi hufungua ramani akakuta juu ya karatasi ndiyo juu ya mlima, akadhani ramani inasema lugha ya kwao. Mpeleke mtoto wa Rombo. Kwake mlima uko magharibi, kwa hiyo "juu" ya nyumbani iko mkono wa kushoto wa karatasi. Na ng'ambo ya mpaka, Loitokitok, Kenya, juu iko chini kabisa! Mlima ni uleule, karatasi ni ileile. Nimesoma hadithi fupi nyingi za wanafunzi zinazosifia mlima "unaosimama kaskazini", na mara moja hujua mwandishi alisomea upande gani, au ramani ipi ilitundikwa ukutani kwao.

Majina ni shimo refu, nitalipita upesi. Jina Kilimanjaro lenyewe ni la watu wa pwani na misafara. Wachaga walizitaja Kibo na Mawenzi, kila kimoja kwa jina lake, na maana ya jina la jumla inabishaniwa tangu enzi za Rebmann na Krapf. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alipaita kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Tangu Uhuru wa 1961 panaitwa Uhuru. Moshi nayo ilihama: jina lilikuwa la juu, kwa Mangi Meli, reli ilipofika likateremka nayo stesheni, na kule juu kukabaki kuitwa Old Moshi. Anayesoma habari za zamani za "Moshi" kwa ramani ya leo atajikuta ameteremka kilomita kadhaa bila kutembea.

Wala tusimwonee mtunga ramani. Mwaka 1912 Fritz Klute alipima mlima kwa picha, kazi ya subira kubwa, na ramani iliyotokana nayo ndiyo inayotuambia barafu ilienea wapi wakati ule: kilomita za mraba kati ya 11 na 12. Mwaka 2011 ilibaki 1.76. Bila karatasi ya Klute tungebaki na wazee wanaosema "zamani ilishuka mpaka pale", na wajuzi wa mezani wakiwabishia, kama Cooley.

Fasihi yetu inayo picha ya jambo hili, na haikungoja nadharia za kigeni. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande sita, wakirudi na habari wanatiwa gerezani. Wahakiki wameisoma kama habari ya utawala mbovu, na ni sawa. Lakini tazama mgawanyo wa kazi: wajumbe ndio watembezi, ndio Rebmann na Bwana Kheri. Anayezikusanya habari zao sita mbele ya baraza, akaziweka katika mpangilio mmoja hadi nchi ikajiona ilivyo, ni Karama, ambaye hakwenda kokote kati ya pande hizo. Nikiambiwa nimtafute "cartographer" katika riwaya zetu, nitamtaja huyo, na nitaweza kumtetea.

Basi, matumizi. Ukiandika juu ya mtu aliyekwenda na vyombo akapima, sema mpima, au mpima ardhi. Aliyenakili kwa wino ofisini, mchora ramani. Aliyekusanya, akachagua, akaunganisha na kutoa karatasi ambayo wengine wataiamini, mtunga ramani. Na ukikuta mhariri asiyekubali, andika kartografa, litaeleweka. Waliosema habari wanaitwa kwa majina yao kama yamehifadhiwa. Wanadiplomasia waliokubaliana mwaka 1886 kwamba mstari upite kaskazini ya mlima, kabla wapima wa mpaka hawajafika, si watunga ramani hata kidogo, ingawa kazi yao ndiyo inayoonekana kuliko zote. Wale ni wateja. (Ile hadithi ya Malkia Viktoria kumzawadia Kaiser mlima ni porojo tupu, tuiache kwa watalii.) Na mwandishi wa riwaya mwite "cartographer" pale tu unapoweza kuonyesha habari za nani amezikusanya, ameacha zipi, na uzi wake umepita wapi. Kama huwezi, mwite mwandishi. Si tusi.

Zipo kazi mbili zinazokaa katika mtu mmoja pia. Clement Gillman alikuja mwaka 1905 kama mhandisi wa reli, akapima nchi hii kwa miguu yake, kisha akakaa mezani akatunga ramani ya watu wa Tanganyika mwaka 1936, na ile ya uoto, iliyochapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake. Mwaka 1921 alifika ukingo wa kreta ya Kibo, na mahali hapo pakapewa jina lake. Kibao cha mbao kilichosimamishwa pale kiliandika jina hilo kwa l moja.